Kabla Hujasaini Mkataba wa Mafunzo ya Flatibedi

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaojiandaa kwenda kwenye mafunzo elekezi ya kampuni za flatibedi, yaani malori yenye tela bapa lisilo na kuta wala paa, nawaandikia kwa sababu mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii uliniachia bega bovu na deni la dola 6,200, na chanzo chake ni karatasi mbili nilizozisaini bila kuzisoma. Leseni ya CDL, ile ya kuendesha magari makubwa ya biashara, nilikuwa nayo, afya nilikuwa nayo, na malori nilikuwa nimeyazoea tangu nyumbani. Nilichokosa ni subira ya nusu saa mbele ya mkataba.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Beba leseni, kadi ya daktari inayothibitisha kwamba afya yako inafaa kuendesha, kadi ya Social Security na hati ya kukuruhusu kufanya kazi. Ikiwa kibali chako cha kujifunzia CDL kilitolewa tangu tarehe 7 Februari 2022, aliyekufundisha alipaswa kuwa katika rejista ya serikali kuu ya watoa mafunzo. Jisajili mapema katika Clearinghouse, daftari la serikali kuu la madereva waliokutwa na dawa za kulevya au pombe, maana kampuni haiwezi kukukabidhi usukani kabla ya kulikagua kwa idhini yako. Shinikizo la damu likifika 140/90, kadi ya daktari ya miezi 24 hupungua kuwa ya miezi 12, kwa hiyo litibu kabla hujasafiri. Miraa ni marufuku hapa kwa sheria ya serikali kuu, iache kabisa. Kiingereza cha barabarani kifanyie mazoezi, kwa kuwa tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi au kuelewa alama za barabarani anaweza kuzuiwa kuendelea na safari papo hapo.

Sasa nije kwenye mkataba. Jioni ya pili, katika ukumbi wa hoteli waliyotulaza, tuligawiwa vishikwambi tusaini nyaraka. Tulikuwa tumeamka saa kumi na moja alfajiri, chakula kilikuwa kinanukia nyuma yetu, na kila ukurasa ulikuwa na kisanduku cha njano kinachosubiri kidole. Nilisaini mara 23. Katika mojawapo ya kurasa hizo nilikubali kwamba nikiondoka kabla ya miezi 12, kwa sababu yoyote ile, gharama yote ya mafunzo ingekuwa deni langu la kulipwa kwa mkupuo. Deni hilo halikupungua kadiri miezi inavyokwenda. Aliyeondoka mwezi wa 11 angedaiwa sawa na aliyeondoka wiki ya pili. Neno "yoyote" ndilo lililonikamata, kwa sababu lilikusanya ugonjwa, msiba na kuumia.

Wiki ya pili tulikuwa uwanjani tukijifunza kufunika mbao. Turubai la mbao, likiwa limekunjwa, lina uzito wa kama pauni 100 na zaidi, yaani kilo 45 na kuendelea, na sakafu ya tela iko karibu futi 5 kutoka ardhini kabla hujapanda juu ya mzigo wenyewe. Nilikuwa nimeshika pindo moja juu ya mbao upepo ulipoingia chini ya turubai na kulivuta. Sikuliachia. Bega la kulia likatoa sauti kama ya kijiti kikavu kinachovunjwa. Mkufunzi aliniuliza kutoka chini kama niko salama, nami nikamjibu kwamba niko salama, kwa sababu tumelelewa kujikaza na sikutaka nionekane mlegevu siku ya tisa ya kazi. Usiku nililala na barafu ya hoteli ndani ya taulo. Siku ya tatu mkono haukuweza kuinuka hata kushika kioo cha pembeni, nikaenda ofisini kusema kwamba narudi nyumbani kupumzika. Nikapewa karatasi moja fupi ya kusaini. Hiyo ilikuwa barua ya kuacha kazi kwa hiari. Baada ya wiki tano nikapokea barua ya wakusanya madeni.

Hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. Ukiumia katika mafunzo, sema siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu unaotaja saa, mahali na kiungo kilichoumia. Ukiwa mwajiriwa, katika majimbo karibu yote unalindwa na bima ya fidia ya wafanyakazi, ambayo hulipia matibabu na sehemu ya mshahara. Texas ni tofauti, kwa kuwa haimlazimishi mwajiri binafsi kuwa nayo, hivyo uliza kabla ya kwenda. Muda wa kutoa taarifa hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na anayetoa taarifa siku ileile hana haja ya kuuhesabu. Usiseme "niko salama" ikiwa hauko salama. Wala usisaini karatasi yoyote ya kuondoka kabla ya kuonwa na daktari na kujua karatasi hiyo inaitwaje.

Jamaa zetu nao wana mchango wao katika mtego huu, na nasema hivi kwa upendo. Shangazi yangu aliposikia kwamba kampuni imenilipia nauli ya basi na hoteli, alinishauri nisiwasumbue kwa maswali watu walionitendea wema kiasi hicho. Wadogo zangu, kwa upande wao, walikwisha kupanga ada za muhula kwa mshahara ambao sikuwa nimeupata. Wazazi wetu na ndugu zetu wajue kwamba nauli na hoteli hiyo huenda imo ndani ya deni, na kwamba wiki za mafunzo hulipa kidogo. Msiwaahidi kitu hadi mpate malipo ya miezi mitatu mfululizo.

Nimeishi na Wamarekani kwa muda wa kutosha kuona kwamba wengi wao ni watu wakarimu, na yule aliyeniajiri kwa simu sidhani kama alidhamiria kunidanganya. Tofauti ni kwamba sisi tumezoea neno lililotamkwa mbele ya watu liwe na uzito, ilhali hapa neno la mdomo huisha pale simu inapokatwa na kinachobaki ni maandishi. Jambo hilo lina faida yake pia. Ukisema kwa utulivu, "Nitaurudisha kesho asubuhi baada ya kuusoma," mara nyingi hakuna anayenuna. Kijana mmoja kutoka Ohio alisema hivyo jioni ileile, akaambiwa sawa, akaenda kula. Mimi nilimwona kuwa mjeuri.

Kuhusu kazi yenyewe, jiandaeni kwa mwili na kwa hesabu. Nyumbani utingo ndiye anayefunga mzigo huku dereva akinywa chai; hapa dereva ndiye utingo, na ndiye atakayejibu mizani. Mkanda wa inchi 4 kwa kawaida una uwezo wa kazi, yaani mzigo wa juu unaoruhusiwa kuushikilia, wa pauni 5,400, na mnyororo wa daraja la 70 wenye unene wa 3/8 ya inchi ni pauni 6,600. Jumla ya uwezo wa vifungio lazima ifikie angalau nusu ya uzito wa mzigo. Chukulia bomba la futi 30 lenye pauni 44,000, lisilozuiwa kwa mbele: kanuni inayohesabu mikanda kwa urefu wa mzigo inadai mikanda 4, lakini mikanda 4 inatoa pauni 21,600 tu, na nusu ya mzigo ni 22,000. Bila mkanda wa tano umevunja sheria, ingawa kwa macho mzigo unaonekana umekaa imara. Ukiwa safarini, simama ukague mwenyewe mzigo na vifungio kwa mara ya kwanza ndani ya maili 50 za mwanzo. Na upepo ukiingia chini ya turubai, liachie.

Msikubali pia kuhamishwa haraka kwenda kwenye mpango wa kukodi lori ili hatimaye liwe lenu. Humo mnahesabiwa kuwa wakandarasi huru, na bima ya fidia niliyoitaja huenda isiwafikie. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kuu kuchunguza mikataba hiyo kilipendekeza mwezi Januari 2025 ipigwe marufuku.

Bega lilipopona, niliomba kazi kwenye kampuni nyingine ya flatibedi, nikasema sitapanda basi kabla ya kutumiwa mkataba kwa barua pepe. Walinitumia alasiri ileile. Deni lake lilipungua kila mwezi, na kifungu cha kuumia kazini kilikuwa ukurasa wa tatu, nikakisoma mara mbili kabla ya kukata tiketi.