Mhasibu wa kikosi anayetaka kusoma akiwa kazini: mwongozo kwa walioko Nyanda za Juu Kusini

Afisa wa fedha mwenye miaka minane au kumi jeshini huandaa hati ya malipo hata akiwa amefumba macho. Kinachomshinda ni kusimama mbele ya mkuu wa kikosi na kumwambia, mapema na kwa hesabu, kwamba analolitaka halina fedha. Uwe Mafinga, Itende (Mbeya) au kambi nyingine ya huku juu, kozi ipime kwa hilo. Ikikuongezea cheti tu, ada imepotea.

Ruhusa kwanza, ada baadaye

Barua hupitia kwa mkuu wa kikosi. Itaje kozi, siku za darasa, miezi ya mitihani, nani analipa na nani atakaimu kiti chako. Wengi husahau hilo la mwisho, na ndilo linalokwamisha barua mezani: hakuna kamanda atakayekuachia kama hajui nani ataandaa malipo ya wazabuni wiki ile. Anayelipa ada kabla ya ruhusa hukutwa na uhamisho katikati ya muhula.

Kwa hiyo chagua chuo ukijua unaweza kuhamishwa wakati wowote. Mbeya mjini kuna kampasi ya TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) na ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe, na aliyeko Itende anaweza kuulizia masomo ya jioni au ya mwisho wa wiki. Kutoka Mafinga hadi Iringa mjini ni kama kilomita 80. Kwenda na kurudi kila jioni, tena Julai kwenye baridi ile, utaacha kabla ya mtihani wa kwanza. Huko Chuo Kikuu Huria kinafaa zaidi, kwa kuwa kina vituo mikoani na ukihamishwa unaendelea kwenye kituo kingine.

Kama unalenga CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyethibitishwa, mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) hufanyika Mei na Novemba. Chagua Mei. Hesabu za mwaka ulioishia Juni 30 zinatakiwa kwa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo Julai hadi Septemba hutakuwa na akili ya kitabu. Ukianza katikati ya Januari unapata wiki 15, na kwa saa 8 kwa wiki zinakuwa 120. Ziweke alfajiri, kabla ya mchakamchaka, maana jioni kambini si mali yako. Theluthi moja soma, theluthi mbili fanya maswali ya miaka iliyopita ukiwa umeweka saa mezani.

Wenye uzoefu hufeli kwa sababu moja hasa: hujibu wanavyofanya ofisini. Chukua tangi la dizeli lililobaki na lita 3,000 usiku wa Juni 30. Ofisini tumezoea kuona mafuta yale yameisha siku yalipolipiwa. Kwa IPSAS (viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma) za msingi wa stahiki, yaani kuandika matumizi yanapotokea na si fedha inapolipwa, lita hizo ni mali iliyoko stoo na zinaingia kwenye taarifa ya hali ya kifedha hadi zitumike. Bila karatasi ya kuhesabia stoo ya siku ile, iliyosainiwa, huna cha kumwonyesha mkaguzi, na hoja ya ukaguzi inaanzia hapo.

Jua unakula fungu gani

Kwenye bajeti ya Serikali, Fungu 38 ni Ngome (JWTZ), 39 ni JKT, 57 ni Wizara ya Ulinzi yenyewe. Anayetoka kambi ya JKT kwenda kikosi cha Ngome hubeba mazoea ya fungu moja hadi jingine. Na fedha za SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, zina vitabu vyake, hazizibi pengo la kasma (mstari wa matumizi kwenye bajeti) ya Fungu 39 hata kama ofisi ziko jengo moja.

Zoezi la ukurasa mmoja

Hili lifanye kila Ijumaa, uwe na darasa au huna. Kwa kila kasma andika viasi vinne: fedha iliyopokelewa, iliyolipwa, iliyofungwa na hati za ununuzi ambazo hazijalipwa, na salio huru. Tuseme kasma ya mafuta imepokea Sh 20,000,000, imelipa 12,900,000, na kuna hati za 6,500,000 zinazosubiri. Kamanda akiangalia fedha tu anaona 7,100,000. Salio huru ni 600,000. Ugomvi mwingi kati ya kamanda na mhasibu wake umelala kwenye tofauti hiyo. Mbaya zaidi ni mafuta yaliyochukuliwa kituoni kwa maneno, bila hati. Hayo hayaonekani kwenye MUSE (mfumo wa malipo wa Serikali) wala kwenye ukurasa wako mpaka mwenye kituo aje na ankara, na hapo yameshakuwa deni la kikosi. Weka mstari wa tano kwa ajili yake, uujaze kwa kuwauliza madereva.

Sasa afande anataka lori liende Dar es Salaam kesho. Kutoka Mafinga, kwenda na kurudi, chukua kilomita 1,160. Makadirio ya kikosi yanasema kilomita 3 kwa lita, yaani lita 387. Fungua daftari la safari la gari lenyewe: likirudi na mzigo na kupanda Kitonga linakwenda 2.5, yaani lita 464. Upungufu wa lita 77 ndio unaoliegesha lori njiani na dereva akapiga simu usiku. Kwa bei ya mfano ya Sh 2,800, safari ni Sh 1,299,200.

Mwambie hivi: "Afande, salio huru la mafuta ni laki sita, safari inahitaji milioni moja na laki tatu. Tunaweza kuunganisha mzigo huu na safari ya tarehe 20 ambayo tayari ina fedha, au niandae leo maombi ya kuhamisha fedha kutoka kasma nyingine, na hayo yanasubiri idhini ya juu. Napendekeza la kwanza." Kiasi, njia mbili, pendekezo. Usianze na kifungu cha sheria. Kiweke mkononi, akikuuliza ndipo ukitaje. Akiamuru vinginevyo, andika dokezo la ushauri wako siku hiyo hiyo, kwa lugha ya heshima.

Kwa kambi zenye mashamba, kalenda ya mvua ndiyo mtihani mgumu zaidi. Mvua za huku huanza Novemba na mwaka wa fedha huanza Julai. Mbolea ya kupandia isipokuwa kwenye mpango wa ununuzi wa robo ya kwanza, na mchakato kwenye NeST (mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni) ukaanza Oktoba, mahindi yatapandwa bila mbolea huku fedha ipo. Agosti iwe mwisho wa kupokea mahitaji ya afisa kilimo.

Kozi za nje, na siri

Ukipata nafasi Marekani, kwa mfano kwenye shule yao ya usimamizi wa fedha za ulinzi iliyoko Maxwell, Alabama, utakuta fedha zenye umri tofauti, yaani muda wa kuzitumia: za uendeshaji kwa kawaida mwaka 1, za ununuzi wa silaha 3, za ujenzi 5. Jifunze wanavyozichambua, lakini usirudi na kalenda yao. Kwetu idhini ya Bunge hukoma Juni 30.

Darasani, la nje au la Mbeya, usipeleke takwimu za kikosi chako. Hata jedwali la posho ya chakula linasema mengi: anayejua kiwango cha mtu kwa siku hugawanya jumla ya mwezi na kupata idadi ya askari mliopo. Tunga kikosi cha kubuni, badili tarakimu zote kabla hujaketi kuandika, na karatasi za rasimu usiziache kwenye kompyuta ya maktaba.