Kutoka nguzo ya Vasco da Gama hadi chumvi ya Trapani: namna ya kusafiri kusini mwa Ulaya ukitokea Malindi

Nimepika jikoni mwa Waitaliano hapa Malindi miaka kumi na tisa. Kiitaliano changu nilikiokota humo humo, baina ya sufuria na karai, na mpaka leo najua kuagiza samaki vizuri kuliko kuulizia njia. Oktoba iliyopita nilifunga safari ya siku 26 kusini mwa Ulaya: Lisbon siku sita, Sevilla na Granada siku nane, kisha Italia kumi na mbili, nyingi zikiwa Sisilia. Tangu nirudi wapwa zangu hawanipi nafasi. "Shangazi, ulianzaje? Ulikula nini? Na buibui lako, hawakukusumbua?" Nayajibu yote hapa, na yeyote wa pwani anayekusudia kwenda ayachukue.

Nilianzia nguzoni. Kila mtoto wa Malindi amewahi kupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, akaambiwa habari za Mreno huyo kufika hapa mwaka 1498, akatazama mawimbi yakipiga miamba, akarudi nyumbani na njaa. Msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Mimi nimekua nikiuona, na siku moja nikajiuliza: huko lilikotoka jiwe hili kukoje? Swali hilo ndilo lililonipangia safari. Nawe tafuta swali lako kabla hujatafuta tiketi. Ziara za miji kumi kwa siku kumi zipo na zinauzwa, lakini nimewaona wasafiri wake wakishuka basini Granada hawajui wako nchi gani. Shika uzi mmoja uufuate. Kwa mtu wa pwani uzi uko tayari: maneno, mchele, samaki, chokaa na bahari.

Sasa viza, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Ureno, Hispania na Italia zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha, na inakupa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Unaiomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Zikilingana, unaiomba kwa ile utakayoingia kwanza. Ndiyo maana mimi niliomba kwa Waitaliano ingawa nilishukia Lisbon. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki mbili za mwisho, na kumbuka kwamba sisi wa Malindi lazima tuhesabu pia nauli na malazi ya kwenda kutoa alama za vidole.

Mara ya kwanza nilinyimwa. Nilikuwa nimekusanya pesa za vikundi na za ndugu, nikazitia benki zote kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba, na taarifa ya akaunti ikaonekana kama ya mtu aliyeazima. Niliumia sana. Mara ya pili nilikaa miezi saba nikiweka kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, nikaambatisha barua ya mwajiri inayosema siku nitakayorudi kazini, hati ya nyumba, na ratiba ya kila usiku nitakaolala wapi. Nikapata. Karatasi zote hizo nilizibeba mkononi, na pale uwanja wa ndege wa Lisbon afisa aliziomba kweli, maana viza ilikuwa ya Italia nami naingilia Ureno.

Jambo la saa nalo lisikupite. Tiketi zao huandika 20:15, nayo ni saa mbili na robo usiku. Andika saa ya Kiswahili kwa kalamu pembeni ya kila tiketi, la sivyo utakosa treni. Hispania na Italia ziko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa joto, na mbili wakati wa baridi. Ureno iko nyuma yao kwa saa moja tena. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote hurudishwa nyuma usiku. Mwenye kufunga au kuswali ajue pia kwamba mwezi Juni jua la Sevilla huchwa karibu saa nne kasorobo usiku. Na kibla! Hapa Malindi tunaelekea kaskazini, maana Makka iko karibu sawa juu yetu. Kule utaelekea mashariki. Siku ya kwanza mwili wangu ulikataa, nikawa nageuka mwenyewe.

Ukifika Lisbon, siku ya kwanza nenda Belém, panda tramu namba 15. Hapo mtoni ndipo jahazi za Vasco da Gama zilipong'oa nanga mwezi Julai 1497, na kaburi lake limo kanisani katika nyumba ya watawa ya Jerónimos. Nilisimama kando ya lile jiwe nikafikiri juu ya rubani ambaye Vasco alipewa hapa kwetu, aliyezijua pepo na nyota, akamvusha mpaka Calicut kwa muda usiofika mwezi. Kaburi la rubani huyo hakuna wa kukuonyesha. Nilimsomea Fatiha kimya kimya, nikatoka. Nguzo za mle ndani zimechongwa kamba za jahazi, mafundo kwa mafundo. Mtu aliyekulia bandarini atazitambua mara moja.

Usipite Lisbon bila kutega masikio. Mesa, meza. Bandeira, bendera. Caixa, kasha. Fronha, foronya. Lenço, leso. Parafuso, parafujo. Niliingia duka la matandiko nikasema "fronha" na mwenye duka akanitolea foronya bila swali la pili. Nilicheka peke yangu mpaka nje. Andika maneno haya nyuma ya daftari. Ndiyo Kireno chako cha kuanzia, nayo unayo tangu utotoni.

Chakula cha Lisbon ni chetu kwa jina jingine. Bacalhau ni ng'onda: samaki aliyetiwa chumvi akakaushwa, isipokuwa wao humtoa bahari za baridi za kaskazini na kumloweka siku nzima au zaidi. Pweza humchoma na viazi na mafuta ya zeituni mengi, na hapo sina la kuwafundisha. Chamuça ni sambusa, imefika kule na watu wa Goa na Msumbiji. Uliza tu ina nyama gani. Wakikuletea mkate na zeituni kabla hujaagiza, ujue si zawadi. Ukila utalipa, hutaki, sema warudishe, hakuna atakayenuna. Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Mawe ya njiani Lisbon yanateleza yakipata mvua, na kandambili ni hatari. Vichochoro vya Alfama, mtaa ulioponea tetemeko kubwa la 1755, vitakukumbusha Lamu, ila ni vya kupanda na kushuka.

Habari ya nguruwe niiseme wazi, kama mpishi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hula bila kujua. Nyama yake ni rahisi kuikwepa. Mafuta yake ndiyo magumu. Hispania huitwa manteca, Italia strutto, Ureno banha, nayo huingia katika biskuti na mikate. Polvorón, zile biskuti za Hispania zinazomumunyuka mdomoni, kwa desturi hutengenezwa kwa mafuta hayo. Ganda la cannolo la Sisilia vivyo hivyo, tena hutiwa mvinyo. Caldo verde, supu ya sukuma ya Ureno, huwa na kipande cha soseji. Na Palermo kuna arancina, donge la wali lililokaangwa, aina ya "al burro". Jina linasema siagi, ndani mna nguruwe. Chukua ya mchicha. Italia uliza hivi: "C'è maiale? C'è strutto? C'è vino?", yaani kuna nguruwe, kuna mafuta yake, kuna mvinyo? Uliza kwa upole ukitabasamu, na muulize anayepika, si anayehudumia. Mpishi hakudanganyi juu ya chungu chake. Nasema hivyo kwa kuwa najua.

Kutoka Lisbon kwenda Sevilla hakuna treni ya moja kwa moja. Panda basi, ni mwendo wa karibu saa saba. Sevilla mimi niliipita upesi. Mji mzuri, lakini joto lake la kiangazi hupita nyuzi 40, kwa hiyo nenda Aprili au Oktoba. Panda mnara wa Giralda, uliokuwa mnara wa msikiti. Hauna ngazi ila miteremko, ili mwadhini aweze kupanda na mnyama. Chakula cha mchana Hispania huanza saa nane, cha usiku saa tatu. Tumbo la Malindi litalalamika siku mbili, kisha litazoea. Siku za kazi agiza menú del día mchana: sahani mbili, mkate, kinywaji na kitamutamu kwa bei moja. Mimi nilikuwa nashiba hapo mpaka kesho yake.

Granada ndiyo iliyonishika. Tiketi ya Alhambra, ngome ya wafalme Waislamu wa zamani, inunue mapema kabisa, hata kabla ya kupanga hoteli, maana huisha. Inaandikwa jina lako, na ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Wanasri, ukoo wa wafalme hao. Ukichelewa saa hiyo, hayo majumba hutayaona. Beba pasipoti. Ukiingia, usikimbilie uwanja wa simba kumi na wawili wa mawe kama wenzako. Tazama kwanza milangoni, kwenye kuta za pande mbili. Kuna vishubaka vidogo vya kuwekea mitungi ya maji. Zidaka! Chokaa imechongwa vilevile, kwa subira ileile ya mafundi wa Lamu. Nyanyangu mzaa mama alikuwa na ukuta wa zidaka, ulibomolewa nikiwa mdogo, na sikutegemea kuulilia Hispania. Ukutani, tena na tena, pameandikwa kwa Kiarabu kwamba hapana mshindi ila Mungu. Mji ulianguka mikononi mwa Wakristo 1492, maandishi yakabaki.

Jioni panda Albaicín, mtaa wa zamani ulio kilimani. Msikiti mpya uliofunguliwa 2003 uko juu kabisa, una bustani, na ng'ambo ya bonde unaiona Alhambra ikigeuka rangi jua likishuka. Nilikaa pale kutoka alasiri hadi magharibi. Bibi mmoja Mmoroko akanipa tende, tukazungumza Kiarabu cha msahafu na vidole.

Roma nililala usiku mmoja, sina haki ya kuieleza. Jua tu mambo mawili: maji ya mabomba ya barabarani ni safi na ya bure, kwa hiyo beba chupa, na kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa mezani.

Kwenda Palermo wengi hupanda ndege. Wewe panda treni. Ni safari ya karibu siku nzima, lakini ukifika mlango wa bahari wa Messina mabehewa hukatwa na kuingizwa ndani ya feri, na abiria wamo. Nilidhani Likoni nimeona vivuko vya kila namna. Unashuka behewani, unapanda juu sitahani, unapigwa na upepo, na treni imelala tumboni mwa meli. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani igonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, kwani usipogonga utatozwa faini.

Palermo nenda soko la Ballarò asubuhi. Wachuuzi wanaita bidhaa kwa sauti kama ya kuimba. Kibandani nikaona zabibu zimeandikiwa zibibbo, nikasimama. Nikamwambia muuzaji kwa Kiitaliano kwamba kwetu pia ni hivyo, zabibu. Akaniita signora, akanitilia shada moja zaidi. Kula pane e panelle, mkate wenye bajia pana za unga wa dengu. Ndimu kidogo, chumvi kidogo, nawe uko Malindi saa kumi jioni. Maduka hufungwa mchana kama yetu, usihangaike nayo.

Kisha Trapani, mji wa bandari magharibi mwa Sisilia, na hapa tenga siku mbili angalau. Kula cuscusu, unga wa ngano uliosongolewa kwa vidole, ukapikwa kwa mvuke na kumwagiwa mchuzi wa samaki. Asubuhi nenda mashamba ya chumvi. Maji ya bahari hupitishwa bwawa hadi bwawa mpaka yakolee, jua na upepo vikamalizia, kama kwenye mashamba yetu ya chumvi ya Gongoni. Wao wana vinu vya upepo vya zamani, na malundo ya chumvi wameyafunika vigae yasilowe. Mzee mmoja alikuwa akipanga vigae. Nikamwambia natoka pwani yenye chumvi, akanipa punje aonje mgeni. Tulisimama juani tukilinganisha kazi, jinsi miguu inavyochubuka, jinsi mvua ya ghafla inavyoharibu mwezi mzima.

Mizigo ya kurudi: mafuta ya zeituni na makopo ya dagaa yatie sanduku linaloingia chini ya ndege, yafunge katika nguo na mfuko wa plastiki. Zafarani ya Hispania ni nyepesi, ibebe mkononi. Chumvi ya Trapani nilileta kilo mbili. Ninaitia samaki wa kuchoma akishaiva, si kabla. Kwa mchuzi natumia ya Gongoni.