Kabla Hujaanza Kiarabu: Maneno ya Wana-Ujiji kwa Anayetaka Kujifunza

Hapa Ujiji, mji wetu wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mtu hukua Kiarabu kikiwa sikioni. Adhana ya alfajiri, dua ya maziko, kisomo cha Maulidi, majina ya ndugu zake: vyote humfikia kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana wengi wa hapa, na wenzetu wa Tabora vilevile, wakiamua kujifunza lugha hii kwa dhati huanza kwa kujiamini sana, na baada ya miezi miwili wameacha. Nimewaona wengi, nami nilipita njia hiyo hiyo. Si uvivu wala ugumu wa kichwa. Tunaingia darasani tukidhani nusu ya safari tumekwisha kuimaliza, kumbe maneno tuliyo nayo yamekaa kwetu muda mrefu mpaka yamekuwa wenyeji wa huku. Kwa hiyo kuna mambo ya kuyaweka sawa kabla hata hujanunua daftari.

Amua kwanza ni Kiarabu kipi unachokitaka. Kipo cha vitabu, magazeti, hotuba na taarifa ya habari, ambacho wenyewe wanakiita fus-ha. Kisha kila nchi ina Kiarabu chake cha nyumbani na sokoni. Hata mtoto wa Kiarabu hazungumzi fus-ha na mama yake. Huikuta shuleni kama sisi tunavyoikuta. Chukua neno la moyo, "qalb". Mtu wa Cairo humeza ile qafu, yaani herufi ya "q", ukasikia "alb". Mtu wa Ghuba mara nyingi huigeuza "g", ukasikia "galb". Aliyesoma kitabuni tu anaweza kukaa kwenye mazungumzo ya watu wa kawaida akajiona hajasoma lolote.

Anayetaka kusoma vitabu vya dini, kufuata habari au kuendelea na masomo ya juu, aanze na fus-ha na asiruke nahau, yaani kanuni za sarufi. Anayeondoka kwenda kazini Oman baada ya miezi mitatu hana muda huo. Yeye atafute mtu aliyeishi huko, ajifunze maneno ya jikoni, ya hospitali, ya barabarani na ya kudai haki yake, na juu ya yote ajifunze tarakimu. Nchi za Ghuba na Misri bado zinatumia sana tarakimu zao: nukta (٠) ni sifuri, na kiduara (٥), ambacho sisi tungekisoma sifuri, ni tano. Mkataba wa kazi ukiandikwa mshahara kwa tarakimu hizo, anayezijua hahitaji kusomewa na mtu mwingine. Tena tarakimu husomwa kutoka kushoto, ingawa maandishi yenyewe yanatoka kulia. Na kwa kutamka, ishirini na tano kwao ni tano na ishirini, "khamsa wa ishrin". Jizoeze hilo mpaka uweze kuandika namba ya simu unayotajiwa bila kusimama.

Muda nao uupime kwa ukweli. Chuo cha serikali ya Marekani kinachofundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria takriban saa 2,200 za darasani kwa Kiarabu, na takriban 900 kwa Kiswahili. Makadirio hayo ni ya anayetoka kwenye Kiingereza. Wewe una hazina ya maneno ambayo yeye hana, kwa hiyo yasikutishe. Lakini saa moja kila siku kwa hesabu hiyo ni miaka sita, basi anayekuahidi Kiarabu kizima kwa miezi mitatu muulize anamaanisha nini. Panga muda unaokaa na maisha yako. Wavuvi wa dagaa hapa ziwani hupumzika usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa taa zao haziwavuti samaki kukiwa na mwanga. Kwa mvuvi, siku hizo ndizo za darasa, na zile za giza ni za kurudia maneno machache tu. Mwenye duka ana saa yake baina ya Magharibi na Isha.

Kuhusu mwalimu nitasema kwa ufupi. Kufundisha kusoma Kurani ni kazi moja, kufundisha lugha ni nyingine, na si kila anayeimudu ya kwanza anaimudu ya pili. Muulize maalimu kwa adabu: baada ya mwaka nitaweza kuandika barua? Nitaweza kuuliza njia? Jibu lake litakuonyesha anafundisha nini. Kama wewe ni Mkristo, usiogope kuingia kwenye darasa lenye mifano ya Kiislamu. Wakristo wa Misri na Lebanoni husali kwa Kiarabu, na Mungu wanamwita Allah.

Sasa nije kwa waliopita madrasa, maana hao ndio wengi wetu. Madrasa imekupa kitu kikubwa: herufi zote 28, kuandika kutoka kulia, na ulimi uliofunzwa matamshi tangu utotoni. Unajua tayari kwamba herufi sita (alifu, dali, dhali, ra, zai na wau) haziungani na inayofuata. Lakini mus-hafu, yaani Kurani iliyoandikwa, umekuzoesha harakati, zile alama za irabu fupi. Kila fatha, kasra na dhamma imewekwa mahali pake ili usikosee neno la Mungu. Gazeti halina harakati. Kibao cha duka hakina. Mtu aliyehitimu Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kwa sauti nzuri anaweza kusimama mbele ya tangazo la mistari miwili akashindwa, kwa sababu irabu fupi hazikuandikwa na maana ya neno haijui. Jiandae kwa fedheha hiyo ndogo. Nilipopatwa nayo nilitaka kuacha. Dawa yake ni kujifunza maana na umbo la neno pamoja, si sauti peke yake.

Na hata hizo sauti, Kiswahili kimezikunja. "Dh" yetu ni moja. Kwao ni herufi tatu: iliyomo kwenye dhahabu, iliyomo kwenye Ramadhani, na iliyomo kwenye dhuluma. "S" ya sukari si "s" ya sabuni. "H" ya hewa hutoka kooni kwa wepesi, na "h" ya haki hubanwa. Jina la Ali, kwao, halianzi na alifu bali na ayni, herufi ambayo Kiswahili kiliiacha kabisa. Usipotofautisha, utaeleweka mara nyingi kwa huruma ya msikilizaji, lakini si mara zote. "Qalb" ni moyo, "kalb" ni mbwa. Mwambie mtu maneno ya mapenzi kutoka moyoni huku ukitumia kafu badala ya qafu, uone uso wake.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye maneno tunayoyaona ni yetu sote. Chukua "tafadhali". Sisi tunaitumia kuomba. Mwarabu akikuambia "tafaddal" anakukaribisha: ingia, kaa, kula, tangulia. Akiomba kitu husema "min fadlik". Tena "tafaddal" ni ya mwanamume. Mwanamke huambiwa "tafaddali". Kwa hiyo kijana wetu anayemwambia bosi wake "tafadhali" akiomba ruhusa amekosea mara mbili: hajaomba, na amemsemesha mwanamume kama mwanamke. Au "marhaba". Huku kwetu haitamkwi mpaka mdogo aseme shikamoo, na ukimtangulia nayo mzee utaonekana huna malezi. Kwao ni salamu ya kawaida, na yeyote anaweza kumwanza yeyote. Binti atokaye Ujiji akisikia bosi wake anamwambia "marhaba" asidhani amekumbushwa kwamba hakuamkia. "Asante" nayo asili yake ni "ahsanta", yaani umefanya vyema. Ukitaka kushukuru, sema "shukran". "Mahali" kwao siku hizi mara nyingi ni duka.

Sisemi haya ili uyaogope maneno yetu. Kinyume chake, ni mali ambayo Mmarekani wa zile saa 2,200 angeilipia. Ila uyapange upya. Kiarabu hujenga maneno juu ya mizizi, mingi ya herufi tatu, na familia zake umezaliwa nazo: hukumu, hakimu, hekima, mahakama. Elimu, mwalimu, taaluma. Safari na msafiri. Kitabu, katibu, maktaba. Angalia pia maumbo. Maktaba ni pa vitabu, madrasa ni pa darasa, mahakama ni pa hukumu. Ile "ma" ya mwanzo inataja mahali. Hata msikiti, "masjid", ni mahali pa kusujudu. Kabla ya somo la kwanza, chukua kurasa chache uandike familia za namna hiyo kumi au kumi na tano unazozijua. Utafika darasani na kitu mkononi.

Ila wahenga wetu hawakuyapokea maneno hayo kimya. Walisikia "kitab", wakaona "ki" ya ngeli, wakasema vitabu; Waarabu husema "kutub". Walisikia "mu'allim", wakafanya mwalimu na walimu. Wingi wa Kiarabu mara nyingi huvunja neno kati, na hauna njia ya mkato: jifunze umoja na wingi siku moja. Kinachotusumbua zaidi ni jinsia. Kiswahili hakiulizi kama unayesema naye ni mume au mke. Kiarabu huuliza katika kila kitenzi, kila sifa, kila "wewe". Kisha kuna wingi wa watu wawili, tofauti na watatu. Lakini mtu aliyezoea upatanisho wa ngeli zetu, kiti hiki kizuri kimevunjika, tayari anajua kwamba neno moja linaweza kuyatawala mengine yote katika sentensi. Kanuni ya Kiarabu ni ileile kwa sura nyingine.

Kuna maandalizi ya moyoni pia, na kwa mtu wa Ujiji au Tabora hayaepukiki. Lugha hii ilitufikia kwa njia ya misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Oman na pwani walipanda kutoka Bagamoyo, wakajenga Tabora, wakafika hapa ziwani, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Walileta elimu na dini, wakaoa kwetu, na wajukuu wao ni ndugu zetu. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Unapojifunza Kiarabu utakuta vitabu visivyotaja hilo, na utakuta majirani wanaolitaja peke yake. Mimi naona mwanafunzi ayajue yote mawili mapema, ili asije akaacha lugha kwa hasira au akaisifu kwa kutojua. Ajue pia kwamba Mwarabu si dini wala si rangi. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina nchi 22, na Sudani, Somalia na Komoro zimo.

Mila nazo zisiachwe kuwa somo la mwisho, kwa sababu ndizo zitakazopimwa kwanza. Salamu usizikimbize. Waha wanajua kusalimiana kwa kituo, na mtu wa Kigoma aliyelelewa hivyo hatapata shida na Mwarabu anayeuliza afya, kazi na familia kabla ya shida iliyokuleta. Lakini mwanamume asiulize kwa jina habari za mke wa mwenyeji wake, hasa Ghuba. Aulize familia, inatosha. Mwanamume asitangulize mkono kwa mwanamke. Asubiri, na akiwekewa mkono kifuani ajue amesalimiwa. Ukimsifu mtoto, anza na "mashallah". Wazazi huitwa kwa mtoto wao wa kwanza, Abu fulani na Ummu fulani, kama sisi tunavyosema Baba Juma na Mama Asha. Hilo utalipokea bila kufundishwa. Unapokaa, usimwelekezee mtu wayo wa kiatu. "Inshallah" isikilize kwa makini: inaweza kuwa ahadi ya kweli, na inaweza kuwa njia ya upole ya kusema haitawezekana, sauti na uso ndivyo vitakavyokuambia.

Na kahawa. Sisi tuna yetu ya kijiweni na kashata, kwa hiyo mtu hudhani anajua. Kahawa ya Ghuba, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2015 kuwa urithi wa utamaduni, hutolewa na tende, katika finjani ndogo isiyo na mkono. Mtumishi hushika birika kwa kushoto na finjani kwa kulia. Nawe pokea kwa kulia. Atamimina kidogo, robo tu, na hiyo si uchoyo bali heshima, ili inywewe ikiwa moto na apate kukuongezea. Ukitosheka usiseme neno, wala usiiweke chini ikiwa tupu ukadhani umeeleweka. Itikise kidogo, kulia na kushoto, ndipo umrudishie. Usipoitikisa ataendelea kumimina.