Jinsi ninavyochapa ĩ na ũ za Kikuyu kwenye kompyuta

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchapa programu za mazishi, mzee mmoja alirudi dukani na kalamu nyeusi. Akaketi kwenye benchi, akaanza kutia viwimbi (alama ya ~) kwa mkono juu ya jina la marehemu mkewe, nakala moja baada ya nyingine, zote mia moja. Mimi nilikuwa nimeandika Muthoni. Mkewe aliitwa Mũthoni.

Kikuyu kina irabu saba. ĩ na ũ ni herufi kamili zenye sauti zake, wala si mapambo.

Kwenye Word, andika 0129 pale herufi inapotakiwa kukaa, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Tarakimu zitageuka ĩ. ũ ni 0169. Herufi kubwa ni 0128 na 0168. Namba hizo nne nimezibandika pembeni mwa skrini.

Kuna mtego uliowahi kunipotezea asubuhi nzima. Word huhesabu herufi A hadi F kuwa sehemu ya namba. Ukichapa Wamb0169 ili upate Wambũi, ile b inamezwa, na ũ huipati. Dawa yake: shika Shift, rudi nyuma kwa mshale mara nne ili uchague tarakimu peke yake, ndipo ubonyeze Alt na X.

Wasifu wa marehemu ukiwa mrefu, sikatizi vidole. Nachapa Mu=thoni, Kariu=ki, yaani alama ya = baada tu ya irabu yenye kiwimbi. Mwishoni nabonyeza Ctrl na H kufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, nabadilisha i= kuwa ĩ, na u= kuwa ũ. Kabla ya kubadilisha, washa kisanduku cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo (Match case), kisha urudie kwa I= na U=.

Wengi watakushauri uweke kibodi ya US-International. Kwenye Windows, kiwimbi chake hukaa juu ya a, n na o tu; hapa hakikufai. Wenye Mac watumie kibodi ya ABC Extended: Option na N, kisha i au u.

Angalia fonti pia, hasa zile za maua za kadi za harusi. Nyingi hazina herufi hizi, na utaona ĩ ya Kĩrĩnyaga imekaa kama mgeni katikati ya neno. Times New Roman na Arial zinazo.

Kabla ya kutoa nakala zote, natoa moja, nampa mtu wa familia asome majina kwa sauti.