Padri au pasta amekudhulumu? Anzia hospitali, ofisi ya askofu itangoja

Nimekuwa nikisindikiza watu polisi na kortini kwa hizi kesi miaka kadhaa sasa, hapa Kenya, na stori huanza karibu vilevile kila mara. Mtu amedhulumiwa na padri, au pasta, au ustadhi wa madrasa, na mahali pa kwanza anapokimbilia ni kwa wakubwa wa huyohuyo mtu. Anaambiwa ngoja tuombe, ngoja kamati ikae, wewe nyamaza kwanza usije ukaiaibisha nyumba ya Mungu, na wiki zinapita, nguo zishafuliwa, meseji zishafutwa, na jamaa ashahamishiwa parokia nyingine huko mbali. Kwa hivyo naandika kwa mpangilio ambao ningetaka mdogo wangu aufuate.

Kama ni jana au juzi, hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72 na ukianza mapema ndio bora, usijiambie bado nina siku tatu. Tembe ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi saa 120 lakini nayo nguvu inapungua kila siku inayopita. Usioge. Najua ndicho kitu cha kwanza mwili unataka, ila usioge, na kama ushaoga basi enda hivyohivyo, bado kuna cha kupimwa. Nguo ulizovaa ziweke kwa bahasha ya khaki au uzifunge na gazeti, si mfuko wa plastiki, maana zikishika unyevu ushahidi unaoza. Mombasa, Coast General wana kitengo chao cha manusura, Nairobi kuna kile kituo cha manusura cha hospitali ya Nairobi Women's ambacho kiko tangu 2001, na kwingineko enda hospitali kubwa ya kaunti. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya hospitali ya kuandika alichokipima baada ya kudhulumiwa kingono, inatoka nakala tatu, hakikisha moja umebaki nayo wewe mkononi. Ipige picha pia umtumie mtu unayemwamini, maana faili hupotea, tena hupotea kwa njia za ajabu mshtakiwa akiwa mtu mkubwa.

Halafu polisi. Uliza jenda deski, ile ya kesi za dhuluma za kijinsia, na ukikuta ni meza tu pale kaunta watu wote wanakusikia, omba chumba, una haki hiyo. Usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha kuandikia ripoti kituoni, na jina la afisa atakayechunguza. P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, ni bure, nasema tena ni bure, akikuambia ulipe muulize risiti uone atakavyobadilika. Statement yako isome kabla ya kusaini, na kama kusoma ni shida mtu wako akusomee hapo, kwa sababu wakili wa upande ule atakuja kuichambua neno kwa neno baada ya miaka miwili, na kama imeandikwa Jumanne na wewe unasema Jumapili ndio mwanzo wa taabu. Miji midogo pia kuna hili, OCS, mkuu wa kituo, mwenyewe anakaa benchi la mbele kanisa hilohilo. Basi enda kituo kingine, au ofisi ya DPP, mkuu wa mashtaka ya umma, ya kaunti, na polisi wakikataa kabisa kuandika malalamiko yako peleka IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi. Mtoto, piga 116 na umhusishe afisa wa watoto. Mtu mzima, 1195. Zote mbili hazilipishwi.

Swali ninaloulizwa zaidi: "lakini hakukuwa na shahidi, ni mimi na yeye tu ofisini kwake." Sikia, hizi mambo hazifanywagi mbele ya kwaya. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inasema kwa makosa ya kingono korti inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathiriwa peke yake, bora hakimu aamini anasema ukweli na aandike sababu zake. Ila ukiwa na kitu kingine cha kukaza maneno yako ni nguvu zaidi, kwa hivyo skrinshoti za Whatsapp, rekodi za M-Pesa alizokutumia "za nauli", rafiki uliyemwambia wiki ileile, daftari lako, vyote weka. Simu usiifomati.

Sheria yenyewe ni ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha, 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, 16 hadi 18 si chini ya 15. Na wengi hawajui kifungu cha 24: hata kama wewe ni mtu mzima na hakutumia nguvu, mtu aliye kwenye nafasi ya kuaminiwa akikuvuta kitandani kwa kutumia hiyo nafasi, wakati wewe uko chini ya ulezi wake, ni kosa, na kifungo hakipungui miaka 10. Wanaume mliodhulumiwa pia mko ndani, sheria imesema yeyote, naandika hivi kwa sababu vijana waliokuwa watumishi wa altare ndio hukaa kimya zaidi kuliko wote.

Ilitokea zamani? Kwa makosa makubwa ya jinai Kenya hakuna tarehe ya mwisho ya kushtaki. Ikiwa ni kabla ya 2006 itatumika ile Penal Code, sheria ya makosa ya jinai, ya wakati huo. Ushahidi ndio unakuwa mgumu, sio mlango kufungwa, kwa hivyo tafuta wenzako wa darasa lile au kambi ile, mara nyingi hukuwa peke yako.

Sasa hili la kuyamaliza nyumbani. Mzee wa kanisa atakuja na chifu na bahasha, baba yako atakuwa ashakubali. Kesi ikishafika polisi si ya baba yako, ni ya Jamhuri, na kuiondoa kortini ni uamuzi wa DPP tena kwa ruhusa ya korti. Usisaini karatasi yoyote inayosema umesamehe na hutaongea. Pesa huisha kabla hata ya mwaka wa shule.

Kanisani utaenda, lakini kama barabara ya pili, ikienda sambamba na ile ya korti. Kwa Wakatoliki, tangu 2019 kuna amri ya Papa Francis, Vos estis lux mundi, inayowalazimu mapadri na watawa kuripoti, na inakataza kabisa anayeripoti kufungwa mdomo. Mwaka huohuo ile siri ya kipapa, kanuni iliyokuwa inafunga faili za Kanisa, iliondolewa kwa kesi hizi, kwa hivyo askofu akikwambia "sheria ya Kanisa haituruhusu kuongea na polisi" anakuzungusha. Andika barua, peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Akilalamikiwa ni askofu mwenyewe, barua iende kwa askofu mkuu wa jimbo kuu lenu au kwa balozi wa Papa. Na tafadhali usiliseme kwenye maungamo ukadhani umeripoti! Padri wa kitubio amefungwa na siri ya sakramenti, hawezi kulifikisha popote. Kwa makanisa ya pasta mmoja na mkewe hakuna pa kupanda, labda umlalamikie kwa msajili wa vyama, lakini hapo nguvu zako zote weka kortini.

Fidia ni kesi tofauti, ya madai, na hii ina saa inayohesabu, miaka mitatu kwa kawaida, na kama ulikuwa mtoto inaanza kuhesabiwa ukitimiza 18, kwa hivyo ongea na wakili mapema hata kama jinai bado inaendelea. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwalimu aliyewadhulumu wanafunzi wawili hakuwa peke yake kwenye deni, shule, TSC (tume inayoajiri walimu) na serikali pia waliwajibika, wasichana wakapewa milioni 2 na milioni 3. Alikuwa mwalimu, sio padri, lakini wakili mzuri atajua kuitumia dhidi ya dayosisi iliyojua ikanyamaza. Hela za wakili huna? FIDA, chama cha mawakili wanawake, wako Nairobi, Mombasa na Kisumu, CRADLE ni wa watoto, na kuna huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Akiwa mmishonari akapanda ndege akarudi kwao, bado anaweza kushtakiwa. Gregory Dow, Mmarekani aliyekuwa na makao ya watoto Bomet, alitoroka Kenya 2017, na Wakenya waishio Marekani ndio walisukuma mpaka FBI wakaingia, akakiri, na 2021 akafungwa miaka 15 na miezi 8 hukohuko Pennsylvania. Sheria yao inaruhusu kumshtaki raia wao kwa alichofanyia watoto nje.

Kuanika jina lake Facebook naelewa hamu, ila subiri. 2011 runinga ya taifa ya Ireland ilimtangaza padri mmoja aliyewahi kufanya kazi Kenya kwamba alimbaka msichana na kumzalisha, kipimo cha DNA kikaonyesha mtoto si wake, wakamlipa na wakapigwa faini juu. Wanaosema kweli ndio walioumizwa na ile stori kuliko mtu mwingine yeyote.

Siku ya kutoa ushahidi, mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unataka korti ifungwe kwa umma na usikae unatazamana na mshtakiwa, kuna pazia, kuna msaidizi wa kusema kwa niaba ya mtoto, lakini mara nyingi hupewi usipoomba. Beba maji na leso. Na uchague mtu mmoja wa kukaa nyuma yako ambaye hayumo kwenye orodha ya mashahidi, maana shahidi ambaye hajasimama bado atatolewa nje, na utageuka umtafute humuoni.