Jinsi ya Kuwapatia Kalsiamu Kuku Watagao wa Umbo Dogo

Tetea mwenye uzito wa kilo moja hivi, kama walivyo wengi wa Ching'wekwe, aina ya kuku wadogo wa kienyeji wa Morogoro, anaweza kutaga yai la gramu 40, na ganda la yai hilo huhitaji takriban gramu moja na nusu ya kalsiamu. Kilo nzima ya mahindi haifikishi hata nusu gramu ya madini hayo. Kwa hiyo kuku anayelishwa punje na pumba peke yake hulazimika kuichota kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe, na mwili mdogo hauna akiba kubwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi, tena kwa wafugaji wenye nia njema, ni kuchanganya chokaa katika chakula cha banda zima. Vifaranga, matemba ambayo hayajaanza kutaga, majogoo na tetea wanaoatamia hawaihitaji kalsiamu nyingi kiasi hicho, na kwa vifaranga na matemba ikizidi huharibu figo. Weka kalsiamu katika chombo chake pekee, kwa mfano kifuu cha nazi kilichofungwa ukutani kwenye kimo cha mgongo wa kuku, ili vifaranga wasikifikie. Tetea anayetaga atadonoa kadiri ya haja yake, na akianza kuatamia ataacha mwenyewe.

Maganda ya mayai ya nyumbani ndiyo ninayoyapendelea, kwa kuwa hayana gharama. Yaoshe, yakaushe, kisha yakaange juu ya moto mdogo kwa dakika 10 ili kuua vijidudu, halafu yaponde hadi yasifanane tena na yai, la sivyo kuku watajifunza kula mayai yao. Wakazi wa pwani wanaweza kutumia makombe ya chaza, na wengine chokaa ya mifugo inayouzwa katika maduka ya vyakula vya mifugo. Chokaa ya ujenzi isitumike kamwe, kwani huunguza mdomo na utumbo.

Kwa kuku wadogo, vipande viwe vya ukubwa wa punje ya mtama. Unga laini hupita upesi tumboni, ilhali chenga hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ambapo sehemu kubwa ya ganda hujengwa. Kwa sababu hiyo hiyo, hakikisha chombo kimejaa kuanzia alasiri. Changarawe za kusagia chakula ziendelee kupatikana, kwani hazichukui nafasi ya kalsiamu, wala kalsiamu haichukui nafasi yake. Wape pia nafasi ya kuota jua, ambalo huwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu hupita utumboni bila kufyonzwa vya kutosha.

Iwapo maganda yanabaki laini baada ya wiki mbili au tatu, usiongeze chokaa kwa kubahatisha. Katika joto kali kuku anayehema kwa nguvu hutaga mayai yenye ganda jembamba hata akiwa na kalsiamu ya kutosha, hivyo mwongezee kivuli na maji baridi. Magonjwa kama mdondo nayo huharibu maganda. Tetea anayejikamua bila kutoa yai, au anayeshindwa kusimama, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.