Ng'ombe akikufa ghafla, weka kisu chini kwanza

Wafugaji wa Njoro, Bahati, Rongai na kote hapa Nakuru, someni hii. Ng'ombe alikula vizuri jioni, asubuhi unampata amekufa, tumbo limefura haraka, miguu haijakakamaa vizuri na damu nyeusi inatoka puani ama nyuma na haigandi. Ukiona hiyo damu, chukulia ni kimeta (anthrax) mpaka daktari wa mifugo aseme sio. 2019 kiliua nyati hapo kwa mbuga ya Ziwa Nakuru, si ugonjwa wa mbali.

Najua vile huwa, hata hujapiga simu majirani washafika na karai na visu, wanasema nyama ikichemka sana haina neno. Wacha niseme wazi, hiyo nyama inaua na usiuzie mtu hata kwa bei ya kutupa. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa vinajifunika ganda gumu, moto wa sufuria si wa kutegemea. Mzoga ukikaa mzima vingi vinafia ndani ukioza, ukichuna ama ukipasua umevipa hewa na umevimwaga shambani kwako, na kwa udongo vinakaa miaka na mikaka. Ngozi inauma kuzika, ni pesa, lakini izike.

Sasa fanya hivi: fungia mbwa, hamisha ng'ombe wengine, funika mzoga na turubai, pigia afisa wa mifugo wa wodi. Atachukua damu kidogo tu bila kupasua. Kuzika ni futi sita kwenda chini, mbali na mto na kisima, karibu na pale alipofia ndio usimburute akimwaga damu njia nzima, na udongo wenye damu uingie shimoni pia. Vaa gambuti na glavu, mwenye kidonda mkononi akae kando kabisa. Mkimaliza nawa na sabuni na maji yanayotiririka, sanitaiza haiui hivyo vijidudu.

Kama kuna mtu alishika ama alikula, aende hospitali leo na aseme ni mzoga. Kwa ngozi huanza na kipele cha kuwasha, kinakuwa lengelenge, alafu kidonda cheusi katikati ambacho mara nyingi hakiumi, ndio maana watu hukipuuza. Kinatibika ukienda mapema.

Ng'ombe wale wamebaki wachanjwe, chanjo ya Blanthrax ya KEVEVAPI (taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo) inakinga kimeta na chambavu (blackquarter), kila mwaka mara moja. Ng'ombe akiwa kwa antibayotiki mwambie daktari kabla hajadunga, chanjo ya kimeta ni vijidudu hai na hiyo dawa itaviua.